Gari inatetemeka asubuhi za baridi? Usiiwashe kwanza

Mwezi wa saba huku Ngaramtoni saa kumi na mbili asubuhi ni ukungu mtupu, nyuzi zinashuka mpaka kama 12 hivi, unatoka na jaketi, unapiga stata, gari inawaka lakini inatetemeka mpaka kioo cha ndani kinacheza, inakohoa, inataka kuzima, unaishikilia na mafuta kidogo, jirani anachungulia dirishani. Dakika tatu nne imetulia zake kimya kama sio yenyewe. Unaipeleka gereji Unga Limited saa nne, imeshapata moto njiani, fundi anafungua boneti, anasikiliza, anakwambia "mbona iko freshi tu bosi", halafu kwa vile umeshafika na hela unayo mfukoni anasema tubadilishe plagi.

Mimi hapo nimepita. Premio cc 1790, injini 1ZZ, nilinunua kwa mtu wa Dar na kule haikuwa na shida yoyote, na sidhani hata kama jamaa alinificha maana gari ya Dar haijui baridi ni kitu gani. Imekuja kulala Arusha, mwezi wa sita umeingia tu ikaanza. Nikabadilishiwa plagi, nikauziwa koili mbili, nikaoshewa nozeli za kupulizia petroli, karibu laki nne imeondoka na asubuhi inatetemeka vilevile. Siku moja nimeenda Moshi msibani, kurudi nikampitia mzee mmoja fundi pale Majengo, shikamoo, marahaba, nikamweleza yote, wala boneti hakufungua. Akaniuliza tu, "Mwanangu, ukiiwasha inatetemeka hapohapo au inapanda kwanza ndio inaanza? Na moshi wake ni rangi gani?" Nikabaki kimya. Miezi miwili naiwasha kila siku na sijui.

Ugonjwa wa namna hii unajionyesha mara moja kwa siku, kuanzia stata mpaka dakika ya tatu au ya nne, ukiipitisha hiyo nafasi subiri kesho. Kwa hiyo kabla ya kununua spea yoyote kuna kazi ya asubuhi mbili tatu ambayo unaifanya mwenyewe uwani kwako na haina gharama.

Kwanza elewa injini baridi inafanya nini. Petroli kwenye baridi haigeuki mvuke vizuri, nyingine inanata kwenye kuta za njia ya hewa, kwa hiyo kontrol boksi (kompyuta ya injini) inaongeza mafuta na inapandisha mzunguko, gari nyingi za petroli zinakwenda kwenye mizunguko 1,200 mpaka 1,500 kwa dakika hivi, halafu kadiri joto linavyopanda inashusha taratibu mpaka 650 au 750 ndio unapata sailensa ya kawaida, yaani mzunguko wa gari ikiwa imesimama bila kukanyaga mafuta. Muda wote huo sensa ya oksijeni kwenye ekzosti haijapata moto, haisemi kitu, maana yake kontrol boksi inapika kwa kukariri, inaangalia sensa ya temperecha na kiasi cha hewa basi. Gari ikishapata moto sensa ya oksijeni inaamka na kontrol boksi inaanza kurekebisha makosa, kama kuna hewa inavuja mahali inaongeza mafuta kufidia, wewe unaona imepona. Haijapona, imefunikwa.

Na ile habari ya "hewa ya huku juu ndio inasumbua gari" naomba tuiweke pembeni. Ni kweli Arusha tuko kama mita 1,400 na hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na pwani, lakini gari ya nozeli inapima hewa yake yenyewe na kujirekebisha. Hiyo hadithi ilikuwa ya magari ya kabuleta, yaliyosetiwa Dar yakija huku yanazidisha mafuta.

Usiku kabla ya siku yenyewe, paki gari nje, isiguswe masaa nane. Fungua boneti ikiwa imepoa, angalia maji ya rejeta (ikiwa baridi tu, ya moto usiguse mfuniko), halafu chukua maka penni uchore mstari kwenye kile kichupa cha akiba usawa wa maji yalipo. Huo mstari utakuja kukusaidia kuliko mashine ya mtu. Vuta dipustiki, angalia oili. Fungua mfuniko wa oili uone chini yake, ukikuta utando mweupe kama maziwa usipaniki bado, gari inayokwenda safari fupi fupi za mjini kwenye baridi unyevu unajikusanya pale, ila iweke kichwani.

Asubuhi usiingie ukapiga stata kwa mazoea. Chukua simu, mtu mwingine ashike ya pili nyuma kwenye ekzosti, hata mtoto anaweza. Washa switchi bila kuwasha gari, uone taa ya chek enjini inawaka. Kama haiwaki kabisa hapo ujue kuna mjanja alishaitoa balbu au kuiziba kabla ya kukuuzia, mbinu ya kizamani lakini bado wanaifanya. Sasa anza kurekodi dashibodi, piga stata. Unachotaka kujua: imesaga kwa muda gani kabla ya kuwaka, mshale wa mzunguko umepanda mpaka wapi, mtetemo umeanza sekunde ya ngapi, una mdundo au ni wa hovyohovyo, moshi rangi gani na umekaa muda gani. Usikanyage mafuta. Najua mguu unawasha, uvumilie, ukikanyaga umeharibu ushahidi. Na usifanye hili ndani ya gereji ya nyumba iliyofungwa, ule moshi wa ekzosti unaua bila kutoa harufu ya kukushtua.

Ukishaipata hiyo video ndio tunaanza kubahatisha kwa akili.

Kama mshale haukupanda kabisa, gari imewaka ikabaki kwenye 500 au 600 inatetemeka inataka kuzima, na ukigusa mafuta kidogo inakaa vizuri, basi inakosa hewa ya kuanzia. Hapo karibu kila mara ni throto, ule mlango wa kuingizia hewa kwenye injini, imejaa masizi, au kwa gari za zamani kidogo ni ile valvu ya sailensa iliyokaa ubavuni mwa throto. Hii kazi unaiweza, fungua bomba la hewa linalotoka kwenye ea klina, mulika ndani, ukiona ukingo mweusi kuzunguka kile kisahani umemkamata mwizi. Pulizia dawa ya kusafishia throto kwenye kitambaa, futa. Throto za umeme usizisukume kwa kidole wakati switchi imewashwa, meno ya ndani yanavunjika. Baada ya kusafisha gari inaweza kuwa na sailensa ya juu au ya chini siku moja mbili, ni kawaida, chomoa betri dakika kadhaa, rudisha, washa uiache itulie yenyewe bila ese (kiyoyozi) wala taa mpaka ipate moto.

Kama mshale umepanda vizuri lakini mtetemo una mdundo, puf puf puf, kama mtu anayechechemea, hiyo ni silinda moja haichomi. Hapa ndio mahali pa plagi na koili, na sio kwingine. Usinunue koili nne. Chukua koili ya silinda ya kwanza iweke ya pili, ya pili iweke ya kwanza, zima, lala. Kesho asubuhi ukipima na mashine, kama jana ilisema P0301 (silinda ya kwanza haichomi) na leo inasema P0302 (ya pili), koili imehama na ugonjwa wake, nunua moja. Kama imebaki palepale, hamisha plagi, lala tena. Halafu nozeli. Inachukua asubuhi tatu ila kila asubuhi unaondoa mshukiwa mmoja kwa uhakika. Ukiwa unachomoa angalia kile kishimo cha plagi, kikiwa na oili basi gasketi ya tapeti kava imechoka, kikiwa na maji jiulize juzi uliosha gari wapi, maana vijana wa kuosha magari wanapenda kupiga injini na presha ya maji ing'ae, maji yanalala juu ya plagi, mchana yanakauka, asubuhi yenye ukungu umeme unapita kwenye unyevu badala ya kwenye plagi.

Moshi mweupe sasa, hapa watu wengi wanatishana. Asubuhi ya baridi kila gari inatoa moshi mweupe, ni mvuke tu, unapotea mita moja toka kwenye bomba na ekzosti ikipata joto unaisha. Wa kuogopa ni ule mzito, unaning'inia hewani, una harufu tamutamu ya kulanti, na unakuja pamoja na kumisi, yaani silinda kutochoma, dakika moja ya kwanza halafu gari inanyooka. Hadithi yake ni kwamba usiku, injini ikiwa imezimwa na rejeta bado ina presha, kulanti inapenya taratibu kwenye gasketi ya silinda hedi na kulala juu ya pistoni, asubuhi silinda hiyo inawaka kwa kujikaza mpaka iikaushe. Rudi kwenye ule mstari wa maka penni. Kama maji yamekuwa yakishuka chini ya mstari ndani ya wiki moja na hakuna tone chini ya gari, chomoa plagi zote asubuhi kabla ya kuwasha, itakayokuwa mbichi au imeoshwa inang'aa kuliko wenzake ndio imekuonyesha silinda. Hii usiilalie, inaanza hivi na inaishia gari kuchemsha ukiwa kati ya Kisongo na Makuyuni, na hedi kupinda.

Moshi wa bluu sekunde chache tu asubuhi halafu basi, ni mipira ya valvu imekuwa migumu, oili inachuruzika usiku. Inaudhi lakini haiui leo wala mwezi ujao.

Moshi mweusi na harufu ya petroli mbichi ni mafuta yamezidi. Ama kuna nozeli inadondosha usiku, ama sensa ya temperecha inadanganya. Hii ya sensa inapimika kirahisi ajabu na sijui kwa nini watu hawaifanyi. Nunua kile kidude cha blutuuthi cha kuchomeka kwenye soketi chini ya usukani, weka programu kwenye simu, asubuhi kabla ya kupiga stata washa switchi usome namba mbili, joto la maji ya injini na joto la hewa inayoingia. Gari imelala nje usiku kucha, vitu vyote vina joto moja, kwa hiyo hizo namba lazima zikaribiane sana, mfano 13 na 14. Ukikuta hewa 13 na maji 40, sensa inaiambia kontrol boksi injini ina joto wakati haina, mafuta yanapungua na gari inakohoa, na ukikuta maji yanasoma kasoro 10 au zaidi ujue inamwaga petroli kama mvua. Mwenye maltimita apime sensa yenyewe, kwa Toyota nyingi ikiwa kwenye nyuzi 20 inasoma kilo-omu 2 mpaka 3 na kwenye 80 inashuka mpaka 0.2 hadi 0.4.

Na hapohapo kwenye joto niseme kitu kinachonikera. Gari nyingi hapa mjini hazina themostati. Fundi wa Dar aliitoa kwa sababu ya joto, eti inachemsha, akaitupa, gari ikauzwa ikaja huku. Bila themostati maji yanazunguka kwenye rejeta toka sekunde ya kwanza, injini haipati moto, kontrol boksi inaamini bado asubuhi mpaka saa sita mchana, inaendelea kuongeza mafuta, wewe unalalamika gari inakula mafuta na inakuwa nzito. Kipimo: endesha toka Ngaramtoni mpaka mjini, au toka Kibosho mpaka Moshi mjini, usome joto kwenye simu. Inatakiwa iwe imeshafika 80 na kitu na kukaa hapo. Ikiwa 60, au inapanda kwenye foleni na kushuka ukikimbiza, rudisha themostati. Spea ndogo, bei ndogo.

Stata inayosaga sana kabla ya kuwaka ni habari nyingine kidogo. Anza na betri, baridi inaikata nguvu, ikiwa imelala inatakiwa iwe kama volti 12.6 na wakati wa kusaga isishuke chini ya 9.6. Betri ikiwa nzima, washuku presha ya mafuta inashuka usiku. Utaambiwa washa switchi zima mara tatu pampu ipandishe presha ndio upige stata, ikiwaka vizuri basi ni hiyo presha. Kwa gari nyingi ni kipimo kizuri, ila kwenye Toyota nyingi za zamani pampu haizunguki mpaka upige stata yenyewe, kwa hiyo hicho kipimo kitakudanganya, itabidi fundi afunge geji ya presha jioni na aisome asubuhi.

Sasa ile yangu. Inawaka bila shida, inapanda kwenye 1,300, inaanza kutetemeka hovyohovyo bila mdundo, mshale unapanda unashuka, hakuna moshi wa ajabu, ukikanyaga mafuta inanyooka, ikipata moto inapona kabisa. Hiyo ni hewa ya wizi. Inaingia baada ya kipimo cha hewa kwa hiyo kontrol boksi haiijui. Inapita kwenye mipira midogo ya vakyumu iliyopasuka, mpira mkubwa wa breki busta, bomba la ea klina lenye ufa chini ambako huoni, valvu ya PCV (ya kunyonya mvuke wa oili), au gasketi ya menifodi ya hewa, yale mabomba yanayogawa hewa kwa kila silinda. Na kwa nini inapona ikipata moto? Kwa sababu plastiki na mpira vikipata joto vinatanuka vinaziba, na sensa ya oksijeni nayo imeamka inafidia. Injini za 1ZZ zinajulikana kwa hili, gasketi ya menifodi inasinyaa kwa uzee, baridi ikija inaacha mwanya.

Kuitafuta, chukua kipande cha mpira wa maji urefu wa mkono, upande mmoja sikioni, mwingine upitishe polepole kwenye mipira yote injini ikiwa baridi inaunguruma, mbali na feni na mikanda, utasikia ssss. Njia nyingine ni chupa ya kupulizia maji, ile ya saluni, unapulizia kidogokidogo kwenye maungio ya menifodi, ukifika kwenye mwanya sauti inabadilika sekunde mbili halafu inarudi, usiloweshe koili tu. Mafundi wengi wanatumia kabuleta klina, inafanya kazi vizuri kuliko maji lakini inawaka moto, mimi siipendekezi kwa mtu anayejifunza na ekzosti iko pale pale. Kwenye simu angalia asilimia ya fyueli trimu, yaani mafuta ambayo kontrol boksi inaongeza au kupunguza, ikiwa kwenye sailensa inasoma zaidi ya jumlisha 10 na ukishikilia mzunguko kwenye 2,500 inashuka karibu na sifuri, ni hewa ya wizi. Ikibaki juu au ikazidi kupanda basi ni mafuta hayafiki vizuri, au kipimo cha hewa ni kichafu. Chek enjini ikiwaka itakuwa P0171, yaani hewa imezidi mafuta. Kwangu ilikuwa inakuja na fundi anaifuta, inakuja anaifuta.

Chupa ya saluni ilinionyesha upande wa silinda ya nne asubuhi ya kwanza tu. Gasketi mpya, kusafisha menifodi, ufundi, jumla haikufika hata robo ya zile laki nne.

Wenye D4, yaani Noah, Voxy, Premio na RAV4 zenye 1AZ-FSE, mna la ziada. Nozeli inapuliza ndani ya silinda moja kwa moja, petroli haipiti kwenye valvu za hewa kuziosha, masizi yanajenga juu yake mpaka yananyonya petroli kama sponji wakati wa baridi. Dawa za kumwaga kwenye tenki haziyafikii hayo masizi, kinachosaidia ni kufungua menifodi na kuyakwangua.

Na kama mshale umetulia sehemu yake, hakuna kukohoa, lakini ukiweka D unasikia mtetemo mpaka kwenye kiti, injini haina kosa, ni maunti, yaani mipira inayoishikilia injini, zimekufa.

Ukifika hatua ya kupima kompresheni, yaani presha ndani ya silinda, kumbuka tuko juu. Geji ya huku itasoma chini ya kitabu kwa karibu asilimia 15 hata injini ikiwa mpya, nimeona mtu anaambiwa afanye ovahoo kwa namba za kawaida kabisa za Arusha. Linganisha silinda kwa silinda, tofauti kubwa ndio tatizo, watu wa Moshi mjini wako chini zaidi kwa hiyo namba zao zitakuwa juu kidogo.

Baada ya hapo ukienda kwa fundi usiende saa nne. Laza gari gerejini kwake jioni umwambie asiiguse mpaka wewe ufike asubuhi, au mlipie bodaboda aje kwako saa kumi na mbili, elfu chache tu. Mpe video, mwambie "fundi, inapanda mpaka hapa, inaanza sekunde ya ishirini, moshi hamna, nimeshahamisha koili". Utaona anavyobadilika, hataanza tena na habari za plagi. Spea za zamani mwombe urudi nazo nyumbani, zile koili zangu mbili za kwanza niliziweka kwenye boksi na zote ni nzima mpaka leo, moja iko kwenye Spacio ya shemeji yangu Usa River na inapiga kazi.